Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa wagonjwa wa kisukari, Bukavu

Saa moja asubuhi huwa nimeshafika kwenye kituo chetu cha afya hapa Kadutu, kwa sababu wagonjwa wa kisukari huja kabla ya kula, na si haki kumchelewesha mtu aliyepanda mlima na njaa. Kwanza ninakagua jokofu, kwani insulini ambayo haijafunguliwa inapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme hukatika usiku bila taarifa.

Saa moja na nusu ninaanza kupima sukari. Kwa watu wazima wengi tunalenga miligramu 80 hadi 130 kwa desilita kabla ya kula. Leo mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, amefika 212, naye akasema, «Lakini muganga, sisikii maumivu yoyote.» Hilo ndilo linalonihangaisha kuliko yote katika kazi hii: sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo ya macho na figo, pamoja na neva, kwa miaka mingi kabla mwenyewe hajahisi kitu. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1993, ulionyesha wazi kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao miili yao karibu haitengenezi insulini kabisa, walioidhibiti sukari kwa ukaribu walipata madhara hayo kwa uchache zaidi. Ule wa Uingereza wa mwaka 1998 ukaonyesha faida kama hiyo kwa aina ya pili, ile ambayo mwili hautumii insulini vizuri.

Saa nne ni zamu ya miguu, nami siiharakishi kamwe. Mgonjwa hufumba macho, nikamgusa unyayoni kwa uzi mgumu wa nailoni hadi upinde, naye husema anapousikia. Mzee mmoja seremala hakuusikia popote kwenye vidole, na tulipovua kiatu cha pili tulikuta kijiwe alichokikanyaga tangu nyumbani bila kujua, ngozi ikiwa imeshachubuka. Nilikisafisha kidonda, nikakifunga, kisha nikamwomba binti yake, aliyemsindikiza, amkague nyayo kila jioni na kukung'uta viatu kila asubuhi, maana mara nyingi safari ya kukatwa mguu huanzia kwenye kidonda kidogo cha namna hiyo.

Saa saba tunazungumza chakula. Simkatazi mtu bugali, kwa kuwa ataniitikia kwa mdomo tu. Ninamwomba apunguze tonge, ajaze nusu ya sahani kwa lenga-lenga au mboga nyingine, na aache chai ya sukari, ambayo kwa maoni yangu inatuumiza kuliko tunavyokubali.

Saa tisa ninapima shinikizo la damu na protini kwenye mkojo, kisha ninaandika barua za kuwapeleka wagonjwa kwa daktari wa macho. Saa kumi ninawapigia simu wasiofika leo. Mama wa sambaza nimempangia kurudi wiki ijayo, na barua yake ya macho ameshaichukua.