Siku tisa bila choo

Kokoto alikaa siku tisa bila kwenda choo. Nilizihesabu kwenye kalenda ya ukutani jikoni kwa kalamu nyekundu, na kila alama mpya ilinipunguzia usingizi. Kokoto ni mtoto wa kobe. Wakati huo alikuwa na gramu 41, na nikimweka kiganjani alikuwa hakizibi hata nusu yake.

Nianzie nyuma kidogo. Naishi kwa mjomba, Lang'ata, Nairobi, na yeye amefuga kobe chui watatu miaka mingi kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nakitaja kibali mapema kwa sababu kila nikionyesha picha ya Kokoto kuna mtu anauliza atampata wapi wa kwake. Jamani, kobe ni mnyamapori. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kumwokota njiani Kitengela na kumtia kwenye buti la gari. Kokoto alizaliwa hapa hapa. Mama yake alichimba shimo karibu na ua Juni mwaka jana, akataga, akafukia kwa miguu ya nyuma, nasi tukasahau. Aprili masika yalipolainisha udongo, wakachomoza wanne. Mjomba akawaarifu wahusika, kisha akanikabidhi yule wa mwisho kutoka: "Mama, huyu ni wako kumlea." Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na akiniita hivyo siwezi kukataa kazi.

Alikuwa na gramu 31, na chini ya tumbo kulikuwa na alama laini ya kiini cha yai, mfano wa kitovu ambacho hakijafunga. Siku tano hakugusa jani. Hilo halikunitisha. Kile kiini ndicho riziki yake ya kwanza, na mpaka mwili ukinyonye chote, hana haja na chakula kingine.

Kosa langu la kwanza lilikuja baadaye, nalo lilitoka kwa mama mboga. Kila jioni nilimnunulia spinachi iliyokatwakatwa, nyanya, na siku za mshahara kipande cha papai. Papai alilipenda mno! Alinyoosha shingo yote, akalimega huku juisi ikimtiririka kidevuni. Kesho yake kinyesi kikawa maji, tena kinanuka. Nikaanza kusoma kwa bidii. Kobe chui ni mla nyasi. Nyasi zile anazila yeye, lakini wanaozivunjavunja hasa ni bakteria walioko nyuma kabisa ya utumbo, na hao wamezoea nyuzinyuzi. Ukimwaga sukari pale, bakteria wa aina nyingine ndio wanaoshamiri, tumbo linachafuka. Spinachi nayo ina oksaleti nyingi, inayokamata kalsiamu kabla mwili haujaipata, na mtoto anayejenga gamba hana kalsiamu ya kupoteza.

Siku hizi soko lake ni bustani. Namchumia mukengeria, lile gugu la majani laini, nyasi laini zinazoota kando ya tangi, jani la mforosadi, ua la hibiskasi, na mara moja kwa wiki kipande cha mpungate nilichokwangua miiba yote. Nakata vipande vyembamba kwa mkasi kwa sababu mdomo wake ni mdogo kuliko punje ya harage. Sukuma wiki anaionja tu, si chakula cha kila siku. Sichumi kando ya barabara wala kwa jirani anayepulizia dawa waridi zake. Mama mboga aliponiona napita bila kununua aliniuliza kama kobe wangu ameugua kisukari. Nilimweleza yote, naye sasa huniwekea majani ya maboga yaliyochakaa, bila kunitoza.

Kuhusu kalsiamu, aliyenifungua macho ni mzee anayetutunzia bustani, mtu wa Kitui. Aliniona nakwangua kifupa cha ngisi, kile wanachouziwa wafugaji wa ndege, nikinyunyiza unga wake juu ya majani. Akasema, "Msichana wangu, kwetu kobe hula mavi ya fisi. Yale yaliyokauka yakawa meupe." Nilidhani ananitania. Kumbe ni jambo linalojulikana: kobe chui huonekana wakitafuna mifupa mikavu na kinyesi cha fisi, na weupe ule ni mifupa ambayo fisi ameimeza. Porini duka la kalsiamu ndilo hilo.

Basi chakula nilikuwa nimekirekebisha, na nikaamini nimemaliza kazi. Halafu ukaingia Julai.

Anayeijua Nairobi anaijua Julai yake. Jua halionekani hadi saa saba mchana, na siku nyingine halionekani kabisa. Kokoto alikuwa na boksi la mbao lenye taa ya joto upande mmoja, lakini stima ilikuwa ikipotea usiku, na mimi niliona haya kumwamsha mjomba awashe jenereta kwa ajili ya mnyama wa gramu 41. Alfajiri moja kipimajoto ndani ya boksi kilisoma nyuzi 16. Asubuhi zile alikula kidogo, nami nikafurahi kwamba angalau anakula. Siku ya tatu bila kinyesi nikamwongezea majani, nikidhani tumbo tupu ndilo halina cha kutoa. Siku ya sita akaacha kula. Akawa amekaa pembeni, macho nusu, miguu ya nyuma haina nguvu.

Siku ya saba nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Nilieleza kwamba mtoto wa kobe hafanyi choo, na muuzaji, bila kusita, akanitolea dawa ya minyoo ya ng'ombe na mbuzi, akasema nimpe tone moja tu. Nilisoma kibandiko nikiwa bado kaunta: ivamektini. Jina hilo nilikuwa nimeliona katika kusoma kwangu. Ivamektini ni sumu kwa kobe. Inawapooza na kuwaua, hata kiasi kidogo. Niliirudisha. Mikono ilinitetemeka hadi nilipofika kituo cha matatu, na hadi leo nikikumbuka lile tone moja moyo unaruka. Tafadhali, kama una kobe, liandike jina hilo mahali utakapoliona.

Siku ya nane mjomba alitupeleka kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Alimpima uzito, akamgusa kwa kidole kati ya gamba na mguu wa nyuma, akampiga eksirei. Hakukuwa na jiwe kwenye kibofu wala mchanga tumboni. Utumbo ulikuwa umejaa tu, majani ya siku nyingi yamekaa pale pale. Akaniuliza swali moja, "Usiku boksi lina joto gani?" Nilipojibu, alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwa upole kwamba kobe hana moto wake wa ndani. Sisi tukila ugali kwenye baridi, tumbo linaendelea na kazi. Kobe akila kwenye baridi, chakula kinakaa, kinachacha, kinatoa gesi. Nilikuwa nampakulia mnyama ambaye jiko lake limezimika, na kila jani la ziada lilikuwa mzigo juu ya mzigo.

Aliniagiza nisimpe chakula kwanza. Joto liwe nyuzi 32 chini ya taa mchana, na usiku lisishuke chini ya 22. Nimwogeshe mara mbili kwa siku katika maji ya uvuguvugu, dakika 20 kila mara, maji yasipite kidevu. Hakuna mafuta ya kupikia mdomoni, hakuna kubonyeza tumbo. Jioni hiyo mjomba alinunua betri kubwa kwa ajili ya taa, na mimi nikafunga chupa ya maji moto kwa kanga nikaiweka nje ya ukuta wa boksi.

Asubuhi ya siku ya kumi alikuwa kwenye beseni la plastiki, kichwa ndani ya maji, koo likienda juu na chini, anakunywa. Anapokunywa sana ndipo huachia. Kwanza ilitoka urati, yaani ile sehemu nyeupe ya mkojo wa kobe, na nikaigusa kwa vidole kama daktari alivyonifunza. Ikiwa laini kama dawa ya meno, ana maji ya kutosha. Ikikwaruza kama mchanga, amekauka. Ilikwaruza. Baada yake kikatoka kinyesi, kirefu kuliko nilivyotarajia, cheusi, na ndani yake nyuzi za nyasi zinaonekana moja moja. Nilipiga kelele mzee akaja mbio kutoka bustanini na jembe mkononi, akidhani nimeona nyoka.

Sikurudia kumlisha mpaka siku mbili baadaye, kipande cha mukengeria chenye urefu wa ukucha. Tangu hapo, kabla ya kugusa mkasi nasoma kipimajoto. Kikiwa chini ya 25 nasubiri. Jua likitoka namtoa nje chini ya wavu, mbali na kunguru na mwewe, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia ile miale inayomtengenezea vitamini D3, na bila vitamini hiyo unga wote wa ngisi unapita bure. Nusu ya wavu naifunika kwa gunia apate kivuli.

Leo ni Septemba, na mizani ya jikoni imesoma gramu 58. Asubuhi amekula ua zima la hibiskasi, jekundu, na pua yake bado ina rangi. Urati ya leo ilikuwa laini.