Maltibendi kompresa: nilivyoitumia kwa sauti ya mama wa Chamwino

Maltibendi kompresa ni programu ndogo inayogawa sauti katika bendi, yaani mafungu ya masafa kutoka besi hadi sauti kali, halafu inabana (inashusha panapozidi) kila bendi peke yake. Mtu akikwambia lazima ikae kwenye masta, yaani juu ya wimbo mzima ukishachanganywa, tena bendi zote nne zibane, muulize kwa nini. Muulize taratibu tu, uone anavyobadilisha mada. Mimi nimeambiwa hivyo na watu wenye studio za maana, studio zina AC, na mimi hapa Nkuhungu, Dodoma, nina chumba kimoja, magodoro ya zamani ukutani na feni ambayo nikirekodi inabidi niizime tuloe jasho wote. Lakini kazi ninayoisimulia hapa imetoka kwenye chumba hicho hicho na imepigwa redioni.

Ilikuwa hivi, kikundi cha ngoma kutoka Chamwino walikuja na nyimbo zao za Kigogo, ngoma za muheme, zeze, ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), vyote vipo, na kijana wao mmoja kaongeza gitaa la besi ili na vijana wasikilize. Anayeongoza kuimba ni mama mtu mzima, sauti anayo haswa, tatizo hatulii. Wagogo wanaimba na mwili bwana, shingo na mabega vinakwenda, mstari huu mdomo umegusa maiki, mstari unaofuata yuko hatua nzima nyuma. Nikamwomba, mama jitahidi usisogee, akaniangalia akacheka, "Mwanangu, nikitulia huo wimbo hautoki." Nikawa mpole.

Sasa maiki nyingi tunazotumia ni za kusikia upande mmoja, na hizo ukizikaribia sana zinaongeza besi zenyewe. Kwa hiyo kila mama akisogea sauti inavimba pale karibu na Hz 200 (sauti nene za chini), akirudi nyuma uvimbe haupo. Ikolaiza, inayokata masafa yale yale muda wote, haisaidii hapo, nimekata hiyo 200 kwa desibeli kama 5 hivi, mistari ya karibu ikakaa vizuri, mistari ya mbali ikabaki nyembamba haina kifua. Kompresa ya kawaida nayo uvimbe ukija inashusha sauti nzima, hadi maneno yanazama kwenye ngoma.

Hapo ndipo prodyuza mmoja rafiki yangu akanipa ushauri, nao ngoja niusimulie vizuri maana niliteseka. Akasema weka OTT, ni ya bure, vuta hadi mwisho, sauti itatoka mbele. OTT yenyewe haina ubaya, ni kompresa ya bendi tatu iliyotokana na priseti (mipangilio iliyohifadhiwa tayari) ya programu ya muziki ya Ableton Live, na watu wa muziki wa sinthi wanaipenda kwa sababu zao. Ila ujue inabana pande mbili, sauti kubwa inashushwa na sauti ndogo inanyanyuliwa. Na sauti ndogo kwenye chumba changu ni zipi? Nikaweka, nikavuta kama nilivyoelekezwa, nikabonyeza pleyi. Mama anaimba vizuri, akipumua tu, upepo wa Dodoma huo unaingia, bati la jirani linagonga, pakapaka, bajaji inapita barabarani inapiga honi, jogoo. Jogoo kabisa! Wakati tunarekodi hakuna aliyemsikia, sasa yupo katikati ya wimbo anaitikia. Mdogo wangu akaniuliza huyu jogoo naye analipwa? Nikampigia jamaa simu, eti ongeza na nyingine kwenye masta itajibalansi. Nikakata simu.

Kuweka bendi zote kazini kwa tatizo la sehemu moja ni sawa na kugawa panadoli kijiji kizima kisa mzee mmoja anaumwa kichwa. Nikatoa kila kitu, nikafungua ReaXcomp, maltibendi nyingine inayokuja ndani ya Reaper, programu ya kurekodia, na hata kama hutumii Reaper inapatikana bure kwenye ReaPlugs kwa wa Windows. Wa FL Studio, kama toleo lako lina Maximus, kazi inafanana. Bendi zote nikazizima ikabaki moja.

Kupata mipaka ya hiyo bendi ndio penye utamu. Usitumie macho. Nilichukua mstari mmoja ambao mama yuko karibu kabisa na maiki, nikauzungusha ujirudie, nikaisolo ile bendi isikike peke yake, nikawa nasogeza krosova (mpaka wa bendi) ya chini na ya juu hadi nikasikia uvimbe mtupu, hakuna maneno, ni "mmm, mmm" tu. Kwangu ilikaa kama Hz 120 hadi 300, kwako itakuwa kwingine, usije ukaandika namba zangu ukutani. Halafu nikatoa solo, nikashusha thresholdi (kiwango ambacho sauti ikikipita kompresa inaanza kubana) hadi mita ya kubana ikaanza kucheza mama akiwa karibu, nikahamia mistari ya mbali, mita inatakiwa ilale kabisa. Ikicheza hata kidogo hapo umeshusha mno. Resho, yaani ukali wa kubana, 3 kwa 1, inapunguza desibeli 4 au 5 uvimbe ukija, basi. Mama akawa yuko sehemu moja wimbo mzima, na ukimwona alivyokuwa anaruka huwezi kuamini.

Vigelegele vilikuwa vinachoma masikio kwenye Hz 3000 hadi 5000, nikafungua bendi ya pili, ataki (muda wa kompresa kuanza kubana) ya haraka sana, nusu saa haikuisha.

Kwenye gitaa la besi ataki usiikimbize. Wimbi la Hz 50 linachukua milisekunde 20 kumaliza mzunguko mmoja, ukiweka ataki milisekunde 1 na rilizi (muda wa kuachia) fupi kompresa inaanza kukata umbo la wimbi lenyewe, unasikia mkwaruzo unadhani ni spika imekufa. Mimi naweka 30 na kuendelea.

Kingine, ile meikapu geini ya kujiendesha yenyewe, inayopandisha volumu kufidia kilichobanwa, zima. Sikio likisikia sauti imepanda linasema imekuwa nzuri, hata kama umeiharibu. Ninachofanya nasawazisha volumu kabla na baada, nageukia ukutani, mdogo wangu anabonyeza baipasi (kitufe cha kuiwasha na kuizima kompresa) bila kuniambia, mimi nataja ipi ni ipi. Nikishindwa kutofautisha plagini inatoka. Kwenye kazi hii zilitoka nyingi tu, kwenye ilimba niliiweka nikaitoa, maana ule mlio wa utando wa buibui unaowekwa kwenye matundu yake ukiubana unapotea, na huo ndio ilimba yenyewe.

Hela? Walinipa elfu themanini hivi na nusu gunia la karanga, na kwa mwezi ule sikulalamika. Rafiki yangu wa OTT alivyosikia wimbo akaomba priseti. Nimemtumia, ila krosova zile zimepimwa kwa koo la mama na maiki yangu, sijui atazivalisha nani.

Kwenye masta sikuweka maltibendi yoyote. Krosova za kawaida zinasogeza fezi (mpangilio wa mawimbi kwa muda) hata bendi zikiwa hazibani kitu, na ukichanganya nakala iliyopita humo na nakala kavu kuna masafa yanakatana, ngoma inalegea. Zipo za linia fezi zisizoharibu mpangilio huo, hizo zinachelewesha sauti na wakati mwingine unasikia kivuli kidogo kabla ya pigo la ngoma. Muheme nikauacha hivyo hivyo, nikapandisha feda desibeli 2.