Siku ya Kwanza: Mbeya hadi Tukuyu kwa Baiskeli, Peke Yangu

Mpango ulikuwa niende Tukuyu, Kyela, Matema, nivuke kwa meli hadi Mbamba Bay, kisha nirudi kwa njia ya Songea na Njombe. Kila niliyemweleza aliniuliza swali lilelile: ule mlima wa Isyonje utaupandaje? Mimi mlima haukunitisha. Mlima ukikushinda unashuka, unasukuma, na hakuna wa kukucheka kwa sababu watu wanasukuma baiskeli pale kila siku ya Mungu. Kilichoninyima usingizi ni upande wa pili: mteremko wa kwenda Kiwira, mzigo nyuma, barabara nyembamba, na semi za Malawi zinakuja mgongoni.

Kwa hiyo maandalizi yangu karibu yote yalikuwa ya kushuka. Fundi wangu wa Mwanjelwa alibadilisha raba zote nne za breki na waya zake. Mabegi mawili ya turubai nilishonesha kwa fundi mabegi, yakaning'inia pande zote za keria chini kabisa, vyombo vizito vikiwa sakafuni. Mzigo ukikaa juu, baiskeli inayumba kila ukikata kona. Nilifungia kwa mipira ya tyubu ya zamani iliyochanwa vipande virefu. Zile kamba za dukani zenye ndoano ni nzuri kwa macho tu. Tyubu inabana na haiachii hata ukipita kwenye mashimo. Ndani kulikuwa na tyubu za akiba, viraka, solusheni, spana, koti la mvua, na kitenge cha kujifunga nikifika, maana sikutaka kuingia mjini kwa watu na suruali ya baiskeli.

Wenzangu wanaoendesha waliniambia mwenye mazoezi anafika Kyela siku hiyohiyo. Sibishi. Lakini miguu ya siku ya kwanza ina sifa nyingi kuliko nguvu, na mimi nilitaka kufika jua likiwa bado lipo. Tukuyu iko kilomita kama 70 kutoka mjini Mbeya. Ikanitosha.

Niliondoka alfajiri, ile baridi ya Juni inayouma vidole mpaka ndani ya glavu. Uyole nikapinda kulia, nikawaachia wa Iringa na Dar barabara yao. Pale stendi makonda wa kosta za Kyela walinipigia miluzi, mmoja akaniuliza kama nimekosa nauli. Baada ya Igawilo mlima ukaanza kwa kweli. Gia nyepesi kabisa, maji kabla ya kiu, ndizi mbivu kila nikisimama. Hakuna zaidi la kusimulia kuhusu kupanda. Ni kuhema na kutazama lami.

Palipozidi nikashuka kusukuma, nikamkuta kijana naye anasukuma. Baiskeli yake haina gia, nyuma amefunga magunia matupu: anafuata viazi Isyonje, jioni anarudi navyo Uyole. Breki ya mbele hana kabisa. Nikamuuliza anashukaje na gunia la viazi. Akanyanyua mguu akanionyesha katambuga yake, soli imelika upande mmoja.

"Naikandamiza kwenye tairi, dada. Lakini we una breki, usizing'ang'anie. Bana, achia, bana, achia. Ukibana moja kwa moja zinaungua."

Hilo nilishalisikia kwa fundi wangu, ila kwa mtu mwenye ushahidi kwenye soli liliniingia zaidi.

Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa imefunikwa na ukungu. Viazi vimejaa lumbesa kando ya barabara, magari ya njia ya Kitulo yanapakia. Nikaagiza chai na chapati. Mama muuzaji akanikagua kuanzia viatu hadi kofia.

"We dada, mumeo anajua uko huku?"

"Anajua, mama. Yuko nyumbani anapika."

Walicheka kibanda kizima, na chapati ya pili sikulipia.

Kuanzia Isongole nikavaa koti, nikarudisha makalio nyuma ya kiti, nikaanza kushuka. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, ila ukiibana ghafla na mzigo unaweza kupitiliza juu ya usukani; nikawa nabadilishana mbele na nyuma. Kila penye nafasi nilisimama na kugusa rimu. Kuna mahali ilinichoma kidole. Rimu ikipata moto hivyo, tyubu inaweza kupasuka, ndiyo maana nilikubali kukaa kwenye jiwe nikisubiri ipoe huku mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ukinionyesha nusu yake tu kwa mawingu. Semi ikisikika nyuma, natoka nje ya lami kabisa. Zilipopita ziliacha harufu ya breki zilizoungua, na hao ni madereva wa kazi.

Kiwira nilinunua ndizi nikidhani kazi imekwisha. Kumbe toka pale hadi Tukuyu kuna vilima vifupivifupi kati ya migomba na chai, na miguu ilikuwa imeshaganda kwa kushuka. Hivyo ndivyo vilivyonitoa jasho kuliko Isyonje. Mvua nayo ikaongezea.

Gesti niliyopata, mhudumu alitaka baiskeli ilale uani. Nikamwomba nikaifute tope kwanza, akaniletea ndoo na tambaa, akaniruhusu kuingia nayo chumbani. Raba za nyuma zilikuwa zimelika, mchanga wa mvua umezisugua. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unashuka karibu mita 1,000 nyingine, kwa hiyo kabla ya kula nilijifunga kitenge changu nikaenda kumtafuta fundi baiskeli kabla hajafunga.