Trekta lisilowaka asubuhi za baridi, hapa kwetu Njombe

Kuanzia Juni hadi Agosti, anayelima kwa trekta katika Nyanda za Juu Kusini hupata adha ambayo mkulima wa Kilosa au wa Mbarali hana habari nayo. Saa kumi na mbili asubuhi, majani ya bondeni yakiwa meupe kwa umande ulioganda, dereva anazungusha ufunguo, stata inakoroma kwa uvivu, moshi mweupe unachungulia kwenye ekzosi, na injini haiwaki. Vibarua wa kupakia mahindi wamekwisha kufika, wamejikunyata kando ya tela wakiota moto wa magunzi, na kila robo saa inayopita ni fedha ya mtu.

Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Trekta letu ni Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, la toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1970. Tulilinunua kwa mtu wa tambarare, ambako lilikuwa likiwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, na miezi ya kwanza halikutusumbua hata siku moja. Mwezi Juni ulipoingia, dereva wetu alianza kugonga mlango wangu alfajiri. “Mama, limegoma tena,” alikuwa akisema, naye tayari ameshika kopo la petroli na kitambaa.

Yalichukua majuma mawili na betri moja iliyokufa kabla sijakubali kukaa chini na kuielewa injini yenyewe. Ninayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Njombe, Makete, Mufindi na kwingineko kwenye baridi, kwa sababu ninaamini kwamba trekta zima la dizeli halipaswi kugoma kwa baridi yetu hii. Likigoma, kuna kitu kilichoharibika au kuondolewa muda mrefu uliopita, na joto la tambarare lilikuwa likikificha.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ile ya petroli. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki chini ya sehemu moja ya kumi na sita ya ujazo wake wa mwanzo, hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inayonyunyizwa na nozeli hujiwakia yenyewe. Asubuhi ya baridi hesabu hiyo huvurugika kwa njia kadhaa kwa pamoja. Hewa inaingia ikiwa ya baridi, kuta za chuma za silinda zinanyonya joto kabla halijatosha, na stata inayozunguka polepole inaipa hewa iliyobanwa muda wa kupoa na kuvuja kando ya ringi za pistoni. Juu ya hayo kuna jambo ambalo mafundi wengi waliojifunzia kazi pwani hawalifikirii: kwenye mwinuko wetu kanieneo ya hewa iko pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na ufukweni, kwa hiyo pistoni inabana hewa nyepesi tangu mwanzo. Anayeishi pembezoni mwa Kitulo, kwenye mita 2,600 na zaidi, ana upungufu mkubwa zaidi.

Waliotengeneza injini hii walilijua hilo, wakaweka kifaa kidogo kinachoitwa thamostati ya kuwashia na baadhi ya mafundi, ingawa jina lake halisi la kiwandani ni Thermostart, nami nitatumia hilo ili lisichanganywe na thamostati ya maji ya rejeta. Kimefungwa kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, kina urefu kama wa kidole, na kimeunganishwa kwa waya mmoja na kijibomba chembamba cha dizeli. Umeme ukipita, koili iliyo ndani huwa nyekundu, joto lake hufungua vali ndogo, matone ya dizeli hudondokea kwenye koili na kushika moto. Stata inapozungusha injini, mwali huo huvutwa pamoja na hewa, na silinda zinapokea hewa iliyokwisha kupashwa.

Siku niliyofungua boneti na kumulika manifoldi kwa tochi, sikukiona. Mahali pake palikuwa na boliti fupi, imekazwa vizuri na kupakwa rangi nyekundu ya trekta, kijibomba kimekunjwa na kupondwa mdomo kwa nyundo, na waya umefungwa mkanda mweusi. Fundi fulani, mwaka fulani, alikiona kinavuja, akaamua kwamba hakina kazi. Kwa alikokuwa, hakukosea sana. Lakini kwa muda wote huo alama ya H kwenye swichi yetu, ambayo ndiyo hatua ya kupasha joto, ilikuwa haina kitu cha kupasha.

Tulinunua kipya, tukarudisha kijibomba na waya, na asubuhi iliyofuata tulikijaribu kabla hatujaunga bomba la kichujio cha hewa. Mzee, yule dereva wetu, alishika ufunguo kwenye H, mimi nikachungulia kwa mbali kidogo kwenye mdomo wa manifoldi. Kwanza kiza, kisha doa la rangi ya kaa la moto, kisha, stata ilipoanza kuzunguka, ulimi wa moto wa njano ukapinda kuelekea ndani. Injini ilikohoa mara mbili na kushika. Sijawahi kufurahia moshi kama siku ile.

Utaratibu tunaoufuata tangu hapo ni huu. Mpini wa kuzimia injini urudishwe ndani kabisa, kwa sababu ukiachwa nje hata robo, dizeli haifiki. Mkono wa mafuta uvutwe hadi mwisho. Mpini wa gia kubwa na ndogo uwe katikati, la sivyo stata ya trekta hili haitaitika kabisa, na wako watu walioshusha stata nzima kwa kosa hilo. Klachi ikanyagwe hadi chini, maana oili ya giaboksi katika baridi ni nzito kama asali, na hakuna sababu ya stata kuikoroga. Ufunguo ushikwe kwenye H kwa sekunde 15 hadi 20, ukihesabu kwa utulivu, kisha uendelezwe hadi stata izunguke huku kifaa kikiendelea kuwaka. Kama haijashika, rudi kwenye H kwa sekunde kumi hivi kisha ujaribu tena. Kuing'ang'aniza stata dakika nzima ni kuichoma pamoja na betri.

Moshi wa ekzosi unakwambia ukweli wakati huo. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila haiwaki, basi shughulika na joto na kasi ya stata. Pasipo moshi wowote, dizeli haifiki, basi shughulika na filta, hewa kwenye mirija, au ule mpini wa kuzimia.

Kuhusu kasi ya stata, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi, hilo ni kweli, na inahitajiwa zaidi wakati huohuo ambapo injini ni nzito kuzungushwa. Lakini pima kwanza. Betri iliyojaa na kutulia usiku kucha husoma kama volti 12.6, na wakati stata inazunguka isishuke sana chini ya 10. Ikiwa betri ni nzima na stata bado inakoroma, weka kiganja kwenye vichwa vya betri na kwenye ncha za nyaya mara tu baada ya kupiga stata. Palipo na moto ndipo umeme unapokwama. Kwetu ilikuwa waya wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi ya trekta: chini ya boliti palikuwa na kutu na rangi ya zamani. Tulipapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi, na stata ikabadilika sauti.

Oili nayo ina neno lake. Madukani oili yenye namba moja tu, 40, ni ya bei nafuu na wengi huimimina mwaka mzima. Asubuhi ya nyuzi mbili au tatu huwa nzito mno, na pistoni zinaburuzwa. Tulihamia oili ya namba mbili, 15W-40, ambayo haigandi namna hiyo ikiwa ya baridi na bado inahimili joto la mchana wa kulima.

Sasa nirudi kwenye kopo la petroli. Kuweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa, au kupuliza ile dawa ya kopo ya kuwashia, huweza kufanya injini iwake kwa kishindo kabla pistoni haijafika mahali pake. Nimeshika mkononi pistoni iliyotolewa kwenye injini iliyozoeshwa hivyo: kingo zilizo kati ya ringi zilikuwa zimemegeka vipande. Na kwa aliye na Thermostart inayofanya kazi, hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa anapuliza mvuke unaolipuka kuelekea mwali ulio wazi. Kuwasha moto wa magunzi chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, siwezi kukushauri pia. Chini ya trekta la miaka hamsini kuna dizeli, oili na nyaya zilizochubuka. Tulipokuwa tunasubiri kipuri, tulimimina maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, kwenye rejeta iliyomwagwa maji yake ya usiku, na ilisaidia kiasi. Anayelaza trekta bondeni kunakoganda maji aweke kwenye rejeta kimiminika cha kuzuia kuganda, maana barafu ndani ya bloku huipasua.

Bado lipo suala la maji kwenye dizeli. Tangi likilala nusu tupu, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone kwenye bati usiku na kuteremka chini ya dizeli. Kwa sababu hiyo tunajaza tangi jioni kazi ikiisha, na kila Jumamosi Mzee anafungua kile kibakuli cha kioo chini ya filta, anakishika juu kuelekea mwanga na kuniita nione. Jumamosi iliyopita kulikuwa na tone moja la maji, dogo kama punje ya ulezi. Alilimwaga, akafuta kioo kwa kitambaa kisafi, akakirudisha, akasukuma mkono wa pampu ya dizeli mpaka mapovu yakaisha kwenye skrubu ya kutolea hewa, kisha akafunika ekzosi kwa kopo lake na kwenda nyumbani.