Sumaku ya papa

Ilikuwa mwezi wa saba 2016, ile baridi ya asubuhi ya L'shi, yaani Lubumbashi, kule Kongo, inayokausha midomo, na mi nilikuwa najiandaa kwenda mji wa Likasi kufanya staji, mafunzo ya kazi, ya umeme wa magari. Nilitaka patalo moja tu, suruali, lakini iwe ngumu kweli. Nikaenda soko ya Kenya, mtaa wetu wa L'shi, si ile nchi, kwa mama mmoja aliyekuwa amefungua balo la mitumba asubuhi ile, nikachimba lundo, na chini kabisa chini ya masweta nikashika jinzi nzito mpaka nikadhani imelowa maji. Ilikuwa kavu. Kwenye kale kangozi ka nyuma kiunoni imeandikwa 16 oz, na mama anasema hiyo ni ya mtoto wa miaka kumi na sita, mwanangu, leta elfu nane uende. Nilimpa elfu nane yake bila kubishana, jambo ambalo sijawahi kufanya pale sokoni.

Zile 16 ni wakia, yaani uzito wa yadi moja ya mraba ya kile kitambaa, karibu nusu kilo na zaidi kidogo kwa mita ya mraba. Hilo nililijua baadaye. Siku ile kilichonishika ni kitu kingine: nilipogeuza mguu ndani nje nikaona ukingo mweupe safi kwenye mshono wa pembeni, haukushonewa uzi wowote wa kuzuia nyuzi zisichomoke, na katikati yake mstari mwembamba mwekundu unashuka kutoka kiunoni mpaka chini kabisa. Hiyo ndiyo wanaita selvedge. Inafumwa kwenye mashine za zamani, kitambaa chenye upana mdogo, kama sentimita 80 hivi, uzi wa mshindio ukifika pembeni unageuka na kurudi, ukingo unajifunga wenyewe. Nilivyomaliza kuipapasa vidole vyangu vilikuwa vya buluu.

Ilikuwa ndefu, nikaipeleka kwa fundi jirani yetu. Kwanza akataka kupunguza upana kwa kukata pembeni, nikamkatalia kabisa, ule mstari ungeenda na maji, akakubali kufupisha tu. Akakunja pindo, akaanza kukanyaga cherehani, na alipofika pale mshono unapokutana na pindo sindano ikavunjika, tak! Akaweka nyingine, ikavunjika palepale. “Hii si nguo,” akasema, “hii ni turubai.”

Papa, baba yangu, alikuwa amekaa ukutani kwenye jua. Tangu atoke kazini mwaka 2003, yeye na wenzake maelfu siku zile, alikuwa mtu wa maneno machache sana, na kuhusu kule kiwandani alikofanya miaka yake yote penye tanuru za shaba hakusema kitu kabisa, hata ukimuuliza. Akanyoosha mkono. “Lete nione.” Akaivuta kwa urefu, haikusogea. Akaivuta kwa upana, ikanyooka kidogo ikarudi. “Huku pamba tupu, huku wameweka mpira.” Nikatazama lebo ya ndani: pamba 98%, elastani 2%. Alipatia bila kusoma! Akamwambia fundi asilazimishe, akaomba nyundo, akaweka kile kivimbe cha mshono juu ya jiwe na kukigonga polepole, ana subira, mpaka kikalala bapa. Fundi akatia sindano nene, akazungusha gurudumu kwa mkono badala ya kukanyaga, na uzi ukapita.

Halafu kidole gumba cha papa kikasimama kwenye pembe ya mfuko, juu ya riveti, kale kapini ka madini kanakoshikilia mfuko. Akaingia nyumbani, akatoka na sumaku ya spika ya ile redio yetu iliyokufa. Akaisogeza kwenye kifungo cha kiunoni, ikanasa. Akaisogeza kwenye riveti, ikaanguka. Akajaribu ya pili, ya tatu, zote sita, kila mara sumaku inaanguka mkononi mwake. Akachukua msumari akakwaruza moja kwa nyuma, kidogo tu, na chini ya ule uchafu ikatokea rangi nyekundu inayong'aa.

“Mukuba,” akasema, yaani shaba. “Si ya kupakwa. Ni mukuba mpaka ndani.”

Nimesoma baadaye kwamba aliyeanza kupigilia hizi riveti kwenye mifuko ya suruali za wafanyakazi ili isichanike alikuwa fundi wa nguo wa Reno, Marekani, jina lake Jacob Davis, na hataza walipewa yeye na Levi Strauss tarehe 20 Mei 1873. Ningependa sana papa angejua hilo siku ile.

Maana alikaa palepale na patalo yangu magotini akaanza kuongea. Kuhusu joto linalopita buti, kuhusu jinsi wazee waliomfundisha walivyosoma rangi ya moto kabla ya kusoma mashine, kuhusu zamu ya usiku na taka ya moto inayomwagwa, mbingu inakuwa nyekundu na sisi watoto huku Kenya tunaiona na hatujui ni yeye yuko pale. Fundi aliacha kazi akasikiliza. Mama aliita mara mbili, bukari, ugali wetu, imeiva, na mara ya tatu akaja mwenyewe na sahani, akazikuta riveti zote sita zimekwaruzwa kwa nyuma, na papa bado yuko kwenye mwaka wake wa kwanza wa kazi.