Siku Moja Maabara na Chumvi Mbili Nyeupe

Saa 1:00 asubuhi. Nafungua madirisha ya maabara na kuanza kusuuza testi tyubu kwa maji yaliyokenekwa. Wenzangu huona nakawia bure, lakini maji ya bomba huwa na kloraidi: ukitonesha naitreti ya fedha, kipimo cha kloraidi, yanatia weupe kabla chumvi yoyote haijaingia.

Saa 2:30. Napima chumvi za Kidato cha Nne. P ni naitreti ya risasi, Q ni salfeti ya zinki. Zote nyeupe, zote zinayeyuka majini, kwa hiyo macho peke yake hayatamsaidia mtu. Risasi ni sumu, nagawa kiasi kidogo tu.

Saa 4:00. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba. Makoti, miwani, tuanze."

Kazi ya wanafunzi ni kutambua ioni, yaani chembe zenye chaji zinazounda kila chumvi. Ioni chanya, upande wa metali, ndizo zinazowatesa. Binti mmoja kamimina sodiamu haidroksaidi nusu tyubu kwa mpigo, kaandika "hakuna badiliko". Nikamwambia achukue mmumunyo mpya wa Q, atie tone moja, atikise, kisha jingine. Mashapo meupe, yaani yabisi inayojitenga na mmumunyo, yakajitokeza, mazito kama maji ya kuoshea mchele. Akaendelea kutonesha, yakayeyuka yote, tyubu ikawa safi.

"Kumbe yalikuwepo, mwalimu!"

Yalikuwepo, ila ziada iliyayeyusha kabla hajayaona. Jaribio hili linataka vyote viwili viandikwe: mashapo yalipotokea, na yalivyofanya ulipozidisha. P nayo inafanya vilevile kwenye sodiamu haidroksaidi. Amonia ndiyo inayowatenganisha: mashapo ya zinki yanayeyuka ukiizidisha, ya risasi yanabaki. Lakini ya aluminiamu nayo yanabaki, basi tukatonesha potasiamu ayodaidi kwenye P. Njano kali ikatanda, darasa zima likaguna. Aluminiamu haitoi njano hiyo.

Saa 6:00 mchana. Ioni hasi, upande wa pili wa chumvi. Q ilimalizwa haraka: bariamu kloraidi na asidi haidrokloriki, mashapo meupe yasiyoyeyuka, salfeti. Kwa P sikutumia jaribio la pete ya kahawia, lile la kutambua naitreti, kwa sababu salfeti ya chuma inayotumika humo ingeshika risasi na kutoa mashapo meupe ya kuficha pete. Niliipasha moto mwenyewe karibu na dirisha, wanafunzi wakiwa mbali. Ilidatadata, ikatoa moshi wa kahawia. Ilipopoa ikabaki unga wa njano. Naitreti.

Saa 8:00. Chakula, kisha usafi. Mabaki ya risasi yanakwenda kwenye ndoo yake yenye kifuniko, kamwe si kwenye sinki.

Saa 10:00 jioni. Nasahihisha. Wengi wamepata majina ya ioni, lakini safu ya uchunguzi wameijaza kwa kukariri. Mmoja ameandika hata pete ya kahawia ambayo hatukuifanya. Huyo kesho atarudia P mbele yangu, tone kwa tone.