Chura Ukutani

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mwalimu wetu wa fasihi simulizi alinipa kazi ya kueleza mbele ya darasa tofauti ya ngano na hadithi za vichimbakazi, wale viumbe wa kichawi. Niliiona kazi ya mteremko. Nikagawa ubao kwa mstari mmoja. Kushoto: haina mtunzi, hupokezwa kwa mdomo, wanyama, wakulima. Kulia: ina mtunzi, imeandikwa, wafalme, uchawi. Chaki haikunitetemeka hata kidogo.

Kwa mfano wa kulia nikamleta binti mfalme aliyedondosha mpira wake wa dhahabu kisimani. Chura akamtolea, kwa ahadi kwamba atakula naye na kulala naye. Binti akambusu, chura akageuka mwana wa mfalme.

"Hilo busu umelitoa wapi?" mwalimu akauliza.

Nikasema kila mtu analijua. (Hadi leo jibu hilo likinijia usiku najifunika shuka.)

Akanipa kitabu cha Jacob na Wilhelm Grimm, ndugu wawili Wajerumani waliokusanya hadithi, akaniambia nisome kwa sauti. Hadithi yenyewe ndiyo ya kwanza kabisa katika mkusanyo wao wa 1812. Nikasoma kwa mbwembwe mpaka pale binti alipomshika chura kwa hasira na kumbamiza ukutani. Nikasita. Nikarudi nyuma mstari mmoja, nikitafuta busu langu. Halikuwepo. Chura aligeuka mtu kwa kubamizwa! Darasa zima likaangua kicheko.

"Na vichimbakazi wenyewe wako wapi?" akadakia msichana mmoja wa nyuma. Nao hawakuwemo.

"Mtunzi je?" mwalimu akaongeza. Hapo ndipo nilipokwama hasa. Jacob na Wilhelm walizipokea hadithi kwa wasimulizi, mmoja wao Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani. Kisha wakazipiga msasa toleo baada ya toleo. Katika hadithi yao nyingine, mama mzazi aliyewatelekeza watoto wake Hansel na Gretel msituni katika toleo la 1812, baadaye wakamfanya mama wa kambo. Sasa hapo mwenye hadithi ni nani?

Nikafuta mstari kwa kiganja. Nguva mdogo wa Andersen, mwandishi wa Denmark, nilimwacha upande wa kulia bila wasiwasi, maana huyo alitungwa na Andersen mwenyewe, akachapishwa 1837. Chura nilikosa pa kumweka. Kipindi kilipoisha, alikuwa bado katikati ya ubao, kwenye lile vumbi la chaki.